Gundi Bado Haijakauka

Tarehe 9 Februari 1984

Mwanangu mpenzi,

Nakuletea salamu nyingi, na nikimaliza zangu nianze za wenzangu, maana wamenipangia foleni hapa kila mmoja anataka atajwe mbele. Baba yako hajambo, mgongo unamsumbua asubuhi lakini akianza kupiga randa unanyooka wenyewe, anakusalimu. Bibi yako hajambo, anasema atakufa mwezi ujao, usishtuke, amesema hivyo tangu ukiwa darasa la nne. Anakusalimu na anauliza kama unavaa fulana ya ndani. Dada yako hajambo, na mtoto wake hajambo, ameota meno mawili na ameshamng'ata kila mtu ndani ya nyumba isipokuwa baba yako, ambaye hata meno yanamwogopa. Jirani yetu Mama Cherehani hajambo, anakusalimu na anasema ile suruali uliyoiacha amekwisha kuikata mifuko, usije ukaidai. Mimi mama yako ndiye wa mwisho. Sijambo, ila si sana, na sababu utaiona huko chini.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea baba yako palepale karakana, maana unajua macho yake ni ya kupimia mbao, herufi hazimhusu. Umeandika kwamba unaunda mashine ya kukuza sauti ya gitaa kwa mkono wako mwenyewe, kwa zile taa za kioo za redio za zamani, na unaomba akuchongee sanduku la kuiweka. Pale pa vipimo aliniambia nirudie mara tatu. Nikarudia. Kisha akauliza mbona sanduku halina mgongo. Nikamwambia imeandikwa nyuma pawe wazi ili taa zipumue. Akasema ana miaka thelathini na moja anaunda makabati na hajapata kuona kabati linalopumua, na kitu kisicho na mgongo si sanduku, ni rafu iliyochoka. Halafu akatoka kwenda kuchagua mbao. Kwa hiyo amekubali.

Ulipoandika utengenezewe la msonobari kwa kuwa ni mwepesi, hapo hakuningoja nimalize. Alisema msonobari ni mbao ya kufungia sabuni, na mwanawe si sabuni. Atatumia ule mkangazi uliokaa darini miaka sita ukikauka. Litakuwa zito, ujipange.

Sasa sababu yenyewe. Umeandika kwamba ndani ya mashine hiyo kuna vidude vinavyotunza umeme, kwamba hata ukishachomoa waya ukutani umeme unabaki humo, na una nguvu kuliko ule wa ukutani. Umeyaandika hayo kwa furaha, na mwisho umeweka alama ya mshangao. Mwanangu, kwa nini umeniandikia mimi? Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, tulipofika kwenye kugawanya nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu. Sikujua kwamba umeme unalala mahali. Nilidhani ukichomoa umetoka. Sasa hata pasi ya Mama Cherehani naipitia mbali, na ile ni ya mkaa.

Unajua kwa nini naogopa, sina haja ya kuandika. Nauliza tu, hakuna gitaa linalopigwa bila umeme? Mbona zamani walipiga na watu wakasikia.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 1 Machi 1984

Mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na baba na bibi. Bibi mwambie fulana ya ndani navaa, na mwezi ujao nina kazi nyingi sana, asife. Dada msalimie, na mtoto nampongeza kwa meno. Mama Cherehani nimemsamehe.

Mimi ni mzima. Karakana ya redio kazi haziishi. Bosi wetu, yule niliyekuambia tunamwita Miwani Miwili kwa sababu moja anaivaa machoni na nyingine anaisahau kwenye paji la uso, amenipa transfoma ya redio kubwa iliyokufa badala ya kuitupa. Taa nne nimezipata, mbili kati yake zilikuwa hazijawahi kutoka kwenye boksi. Spika nimeinunua ya mitumba, nimeibandika karatasi pale ilipochanika.

Mama, najua unamfikiria mjomba. Mjomba alikuwa juu ya nguzo, walio chini wakamwambia umeme umezimwa, naye akaamini. Mimi siambiwi na mtu. Nazima mwenyewe, nachomoa mwenyewe, ule uliobaki naumaliza kwa waya, napima kwa mita, na sindano ikilala kwenye sifuri ndipo naingiza mkono. Tena mkono mmoja. Miwani Miwili ametufundisha kwamba ukishughulika na mashine za taa, mkono wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu kwenda ule. Karakana nzima tunafanya kazi hivyo, mkono mmoja mfukoni, kama watu wanaongoja basi.

Nakuomba umharakishe baba kidogo. Kuna bendi inayopiga kila Jumamosi kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Kiongozi wao amenisikia, akanipa nafasi, lakini kila mpigaji aje na mashine yake, na mwenye ukumbi haruhusu chombo kinachoonyesha waya kuingia mlangoni mwake. Bila sanduku siingii. Ataningoja mpaka mwisho wa Aprili.

Mkangazi ni sawa. Mwambie baba uzito si kitu, nitabeba.

Mwanao.


Tarehe 29 Machi 1984

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwanza. Bibi yako hajambo, ameahirisha. Dada yako hajambo. Mtoto meno yamekuwa manne, tumehamisha viatu vyote juu ya kabati. Mama Cherehani hajambo, amepata kazi ya kushona sare za watu thelathini, nyumba yake imejaa kitambaa hata kukaa hakuna. Baba yako hajambo ila hakuniagiza salamu safari hii, alikuwa na kazi.

Habari ya mkono mmoja mfukoni nimeielewa. Nimeifikiria sana wakati nafua, na ushauri wangu ni utie na wa pili.

Kuhusu sanduku, gundi bado haijakauka. Kumekuwa na unyevu. Ila sanduku ni zuri mwanangu, sijapata kuona. Pembe zake ameziunga meno kwa meno, hakuna msumari hata mmoja, na ukipitisha kidole hupati pa kuanzia wala pa kuishia. Ule uwazi wa mviringo wa spika aliukata kwa msumeno mwembamba, kisha akausugua kwa msasa siku nzima, dada yako akasema umekuwa kama mdomo wa kikombe. Juu ameweka mshikio wa ngozi, ameukata kwenye mkanda wake mwenyewe, sasa suruali anaifunga kwa kamba na mimi ndiye ninayeulizwa na watu. Ameshalipaka vanishi mara nne. Lina rangi ya chai iliyokolea. Lakini gundi bado.

Nimesoma habari za bendi na mwisho wa Aprili. Ninazo kichwani.

Kuna jambo dogo. Katika barua yako ijayo weka mstari mmoja wa kumshukuru baba yako. Usitaje sanduku. Usiniulize kwa nini, usilitaje tu. Mshukuru kwa jumla.

Mjomba wako umemtaja wewe, si mimi. Mimi sikutaka kumtaja.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 24 Aprili 1984

Mama yangu,

Nakuamkia, nawaamkia wote kwa pamoja, nisameheni kwa ufupi.

Mama, gundi gani hiyo? Mimi nimekulia ndani ya karakana ile, nimelala kwenye maranda kabla sijalala kitandani. Gundi ya baba inakauka siku moja, mvua ikinyesha siku mbili. Na mtu hapaki vanishi mara nne juu ya gundi mbichi. Baba huyo ninayemjua mimi angemfukuza mtu kwa hilo.

Kama hataki kulitengeneza, aseme. Sitakasirika. Najua hakupenda nilipoacha mbao nikaenda kwenye redio, na hakusema siku ile, na labda anasema sasa kwa njia hii. Nikiambiwa nitatafuta fundi mwingine hapa, ingawa niliowaona wanapigilia misumari hata kwenye picha za watoto wao.

Kiongozi wa bendi ameniongezea wiki tatu. Alisema hizo ndizo za mwisho.

Mstari ulioniomba ni huu: Baba, asante kwa jumla.

Mashine kwa upande wangu iko vizuri.

Mwanao.


Tarehe 18 Mei 1984

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu, na wote hapa wanakusalimu, bibi yako hasa, amekuwa na kikohozi na anafurahi kwamba sasa tutamwamini. Dada yako anakusalimu. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza. Mama Cherehani sare zimeisha, sasa ana viraka vya kutosha kufunika barabara, anakusalimu.

Sikusema popote kwamba baba yako hataki. Soma tena barua zangu, hutaona. Baba yako hana neno nawe kuhusu redio. Siku ulipopata kazi hiyo aliwaambia wateja wawili, na mmoja hakuwa ameuliza.

Nilichelewa kujibu kwa sababu dereva wa lori la chumvi, ambaye ndiye mtu wa kumpa barua na mizigo, alipita bila kusimama. Wiki iliyofuata alisimama lakini mvua ilinyesha. Wiki iliyofuata mvua haikunyesha lakini bibi yako alikohoa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nilimsomea baba yako mstari wako. Alisikiliza mpaka mwisho, ambao haukuwa mbali. Akasema, kwa jumla? Kwani nimemuuzia duka? Kisha akachukua ubao uliokwisha kupigwa randa akaupiga tena. Jioni yake akasema kwamba mji unafundisha watu mambo mengi lakini shukrani hawaifundishi huko. Usimchukie mwanangu, naye sitaki akuchukie. Nyinyi wawili mnanibana huku na huku kama ubao kwenye jiriwa, na aliyekaza ni mimi mwenyewe.

Nina swali moja, na katika barua yako jibu hilo tu, mengine yaache. Kwa kuwa sanduku halijafika, hiyo mashine hujaiwasha, si ndiyo? Mimi nachukulia kwamba kitu kikiwa hakijapata nyumba, kinakaa kimezimwa. Niambie ni hivyo.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 14 Juni 1984

Mama yangu,

Nakuamkia. Poleni na kikohozi cha bibi.

Umeuliza swali moja, nami nalijibu. Mashine nimeiwasha tangu tarehe kumi na moja Machi, kila siku nikirudi kazini. Iko juu ya meza, wazi kama sahani, waya zote nje. Meza iko pembeni ya kitanda kwa kuwa chumba ni hicho kimoja. Kwa meza hiyohiyo nakula, naandika barua, napiga pasi. Sikukuambia kwa sababu kila wiki nilidhani wiki ijayo sanduku litafika na hakutakuwa na la kukuambia.

Jumapili iliyopita nilikuwa nakunywa chai nayo ikiwa inawaka. Nilinyoosha mkono kuchukua kijiko kilichokuwa upande wa pili wa mashine. Mkono mwingine haukuwa mfukoni, ulikuwa umeshika meza, na meza ile ina ukingo wa chuma. Nilijikuta nimekaa kitandani. Sikumbuki kukaa. Kijiko kilikuwa dirishani. Kikombe sijakiona mpaka leo.

Mkono wa kushoto haukuwa wangu mpaka saa nane mchana. Sasa umerudi, isipokuwa kidole kidogo, ambacho kinakuja na kuondoka. Miwani Miwili alikuja kuniona, akaniangalia machoni kama anavyoangalia redio, akanizuia kwenda kazini siku mbili. Aliuliza sanduku liko wapi. Nikamjibu gundi bado haijakauka. Akavua miwani zote mbili.

Nafasi kwenye bendi amepewa mtu mwingine, mwenye mashine ya dukani. Nilikwenda kumsikiliza. Anapiga vizuri.

Sisemi haya ili kukutisha, umeuliza. Nataka ujue pia kwamba mashine inaimba. Ukigusa uzi mmoja sauti haikatiki ghafla, inaondoka kama mgeni anayeaga mlangoni, anakumbuka jambo, anaaga tena. Nimetengeneza redio za watu miaka mitano, hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho ni changu.

Sitaomba sanduku tena, msihangaike. Nitaifunika kwa katoni. Zile taa zinaunguza karatasi, lakini nitaiacha mbali kidogo.

Msalimie baba.

Mwanao.


Tarehe 25 Juni 1984

Mwanangu,

Wote hawajambo. Salamu zimekwisha.

Usiifunike kwa katoni. Usiifunike kwa kitu chochote, usiiwashe, hama meza, kula chini. Sanduku lipo. Lilikwisha tarehe ishirini na nne Februari. Baba yako alilimaliza, akalifuta kwa shati lake, akanikabidhi nilipeleke kwa dereva wa lori la chumvi, kwa sababu kuandika na kutuma katika nyumba hii ni kazi yangu. Nilitoka nalo mlangoni. Nikafika kwa Mama Cherehani, nikaliingiza chini ya meza yake ya kukatia, nikarudi nyumbani mikono mitupu nikamwambia limeondoka.

Kwa hiyo baba yako tangu Februari anajua unalo. Anangoja neno lako. Wewe unangoja sanduku lake. Barua zako nilikuwa namsomea kwa kuruka, kama mtu anayevuka matope, nikifika palipoandikwa sanduku naruka, mpaka siku nyingine barua yote inabaki salamu na jina lako. Yeye akakuona huna adabu, wewe ukamwona ana kinyongo, na mimi nikawa nawapikia chai ya uongo wote wawili. Ulipoandika habari za bendi, sanduku lilikuwa limeshajaa viraka. Ningeweza kulitoa. Nilikwenda kulitoa mara mbili, nikashika ule mshikio, nikaliacha. Sikufikiri kwa ubaya. Nilifikiri mashine isiyo na sanduku haiwashwi, basi kila siku ninayolizuia ni siku moja uliyo mzima. Nilikuwa nahesabu hizo siku. Zilifika mia moja nikashukuru. Kumbe chui unaye chumbani, na mimi huku nimeficha banda lake.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi ya mlango. Nilipofika kwenye kijiko sikuendelea. Nilikimbia kwa Mama Cherehani nayo mkononi, na mimi unajua sijakimbia tangu mwaka ule wa moto wa soko. Nikaingia bila kubisha hodi. Baba yako alikuwa humo.

Mama Cherehani alikuwa amemwita amrekebishie mguu wa meza ya kukatia uliokuwa unacheza. Mimi mwenyewe nilimkumbusha asubuhi ile aende, maana alikuwa amesahau, nami nikasahau kilichoko chini ya meza hiyo. Sasa alikuwa amekaa sakafuni, viraka vyote amevitoa kando, sanduku liko katikati ya miguu yake, na kidole chake kinatembea kwenye pembe, polepole, ile pembe ya kwanza, kisha ya pili. Mama Cherehani alikuwa ametupa mgongo anakanyaga cherehani kwa bidii, na hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Baba yako aliinua macho akaniambia, "Naona limefika salama."

Nilimpa barua, nikakumbuka, nikaichukua tena nikamsomea. Safari hii sikuruka. Hata lile la barua ya Aprili nililoliruka nilimweleza kwanza, kwamba ulidhani anakununia kwa ajili ya redio. Nilipofika kwenye kijiko alinizuia, akauliza ni mkono upi. Nikamwambia wa kushoto. Akasema basi wa msumeno upo. Halafu kidole chake kikarudi kwenye pembe, ya tatu, kisha ya nne, mpaka Mama Cherehani akachoka kukanyaga.

Mwisho akasema, "Uliniambia umelipeleka."

Nikasema nilimwambia hivyo.

"Basi lipeleke."

Hayo ndiyo maneno yote. Sijui kama amekasirika. Alirudi nyumbani akala. Kisha akauliza upana wa ule uwazi wa nyuma, kana kwamba si yeye aliyeukata, akaenda karakana akakata ubao mwembamba wa kuziba nyuma, akaanza kuutoboa kwa keekee. Matundu sabini na mawili. Nimeyahesabu kwa sababu nilisimama pale yote yakitobolewa. Anasema taa zipumue zinavyotaka zenyewe, lakini hakuna mkono utakaopita hapo, wala kijiko. Ametoboa pia matundu manne ya skrubu, na skrubu amezifunga kwenye karatasi ameniwekea mimi, si wewe. Alitaka niandike jambo moja kutoka kwake, akafikiri, akasema mwache, atamwambia mwenyewe akija. Kwa hiyo uje.

Ile nafasi kwenye bendi ni mimi niliyekupokonya, na hilo sina pa kulificha. Kama kiongozi wao ni mtu wa kusikiliza nitakwenda kumweleza mwenyewe. Nitamwambia ilikuwa imekauka.

Mimi napanda gari Alhamisi alfajiri, nafika kwako Ijumaa mchana. Kwa uzito sanduku ni kama mtoto wa darasa la pili, na kama mtoto nitalipakata, juu ya paa silipandishi. Sijapata kwenda huko. Bibi yako amesema nisipotee maana yeye hana wa kumzika. Mama Cherehani amelishonea sanduku koti la viraka, analia na kushona, nami sina moyo wa kumwambia aache.

Mjomba wako nitamtaja mwenyewe sasa. Siku ile mimi nilikuwa nafua nguo. Alikwenda kazini akiimba, nikamwambia asichelewe, na saa sita mtu akaja kuniambia. Alisimama mlangoni akaniambia, basi. Yeye aliambiwa umezimwa, na mimi nikaambiwa amekufa. Sitaki tena mambo ya kuambiwa. Nikifika utaiingiza mashine hiyo ndani ya sanduku, utakaza skrubu zote nne mbele ya macho yangu, halafu utaiwasha mimi nikiwa nimesimama hapohapo, na utapiga chochote unachokijua. Nikitetemeka uendelee kupiga.

Barua hii namkabidhi sasa hivi dereva wa lori la chumvi, safari hii kweli, nimemshikia mlango wa lori mpaka akaapa. Anasema Jumatano asubuhi yuko mjini kwako. Ukiipata, usikae kuandika barua ndefu. Nenda posta siku hiyohiyo, tuma simu ya maandishi, neno moja linatosha, wengine huandika mzima. Inifikie kabla sijapanda gari. Isiponifikia nitakuja vilevile, ila nitakuja vibaya.

Mama yako.